Kombeo la kifuko cha ngozi: kifuko nimekipenda, kamba nimeifumua

Kilichotuchanganya kwanza na fundi ni jina la kitu chenyewe. Nilimwambia nataka kombeo, akavuta droo akanitolea manati, panda la mti na mpira wa tyubu ya baiskeli. "Kaka, si ndiyo hii?" Siyo. Kombeo halina panda wala mpira. Ni kamba mbili na kifuko katikati: unazungusha, unaachia kamba moja, jiwe linakwenda. Lile la Daudi na Goliathi. Hapo akaelewa mara moja, ila akauliza kama kanisani kwetu kuna igizo.

Mimi nilikuwa na kazi nalo. Mjomba analima mpunga upande wa Magu, na mpunga ukianza kutia maziwa, wale ndege wala nafaka, kwelekwele, hawakupi nafasi hata ya kunywa chai. Watoto wanaamia tangu alfajiri, wako juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, wanapiga madebe mpaka sauti zinawakauka. Dongo la kurusha kwa mkono linaishia jaruba la pili, yaani kipande cha pili cha shamba.

Tulipatana shilingi 15,000. Fundi viatu huyu yuko hapa hapa Mwanza mjini, akasema kesho. Hiyo kesho ilikuja baada ya siku tisa, jambo ambalo wala sikulihesabu.

Kifuko ni kazi safi. Ngozi ya ng'ombe, imekatwa kama jani pana lililochongoka ncha mbili, sentimita 14 kwa 6, na katikati kapasua mpasuo mdogo ili ngozi ifunguke na kulishika jiwe. Penye ncha, mahali ambapo vifuko vingi huchanika, kaongeza kipande cha pili cha ngozi kwa chini, ndipo akatoboa kwa msharasi. Msimu mzima hakuna uzi uliokatika. Kasoro yake ni kwamba kilikuja bapa kama soli, dongo likawa linateleza na kuanguka kabla sijazungusha. Nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, nikaweka jiwe lenye ukubwa wa yai, nikakifunga nalo na kukianika kivulini siku mbili. Kikatoka na umbo la kikombe. Usikianike juani, ngozi itakakamaa.

Kamba sasa. Alitumia uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, huku ziwani uko tele, akasuka tatu-tatu kama nywele. Ukiiona unaipenda. Mkono ukitoka jasho, inateleza. Ukizungusha kwa nguvu, inavutika. Na ncha alizichoma kwa kiberiti zikaacha kinundu kigumu kilichonichubua kidole siku ya kwanza.

Lakini kosa lililoniudhi hasa ni la kipimo. Kamba zote mbili alizikata sawasawa kwa rula. Kombeo halipimwi hivyo. Kamba moja ina kitanzi kinachovaliwa kidole cha kati, nyingine ina fundo unalolibana kwa kidole gumba na cha shahada, na kidole na kidole havilingani. Nilipolining'iniza, kifuko kilikaa upande. Dongo la kwanza lilikwenda nyuma, likagonga debe ambalo mtoto alikuwa ameliegemea. Hakuumia, alicheka, mimi nilitetemeka. Anayejifunza aanze na mpira wa tenisi, na asiwepo mtu mbele, nyuma wala pembeni.

Nikaifumua kamba yote. Nikanunua uzi mnene wa pamba, nikasuka nyuzi nne kwa mviringo. Kwa kamba ya sentimita 70 nilikata zaidi ya mita moja kila uzi, maana msuko unakula urefu. Nikamaliza kitanzi kwanza, nikakivaa, nikaweka dongo kifukoni, nikaacha lining'inie. Pale vidole vilipoibana kamba ya pili na kifuko kikakaa sawa, ndipo nikapiga fundo. Dakika moja tu, ila lazima mkono uwe wako mwenyewe. Hata fundi hodari hawezi kukupimia ukiwa nyumbani.

Tangu hapo linafanya kazi. Dongo kavu la mbuga linapasukia hewani na kumwagika juu ya majaruba, na ndege wananyanyuka. Mawe mjomba kapiga marufuku, yatakuja kugongana na mundu wakati wa kuvuna. Kundi kubwa la kwelekwele, lile linalotia giza, halitishwi na kombeo. Linahama jaruba tu. Nisidanganye mtu.

Kifuko nakipa nyota tano, kamba mbili. Wiki iliyopita nilirudi kwa fundi yule kuagiza cha mjomba, kifuko kitupu, shilingi 7,000. Akaniuliza kamba je? Nikamwonyesha kidole changu.