AC ya chumbani Dar: punguza BTU, halafu uliza inashuka hadi wapi

Januari ikiingia tu, malalamiko ni yaleyale. "Dada, rimoti inaonyesha 18, miguu imeganda, lakini shuka linanata." Mwingine yuko Tabata, viatu vyake vya ngozi vimeota ukungu wa kijani kabatini, na chumba kina AC mpya. Wa tatu anaizima saa nane usiku kwa baridi, saa tisa anaiwasha tena kwa jasho. Ninawauliza wote swali moja: chumba kina ukubwa gani na mashine ina BTU ngapi, yaani uwezo wake wa kupoza? Jibu halibadiliki sana. Chumba ni mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, AC ni BTU 18,000. Kwa nini 18,000? Muuzaji kasema.

Kwa hiyo humu hamna habari za rangi, Wi-Fi wala taa ya namba inayowaka mbele. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nimekuja kuzungumzia unyevu, kwa sababu ndio unaowatesa watu wa Dar vyumbani mwao, na dukani hakuna anayeutaja.

Joto letu si la jua peke yake. Februari na Machi hewa ya mji huu imebeba maji mengi kiasi kwamba kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 23 au 24 kinaanza kutoka jasho. Tazama chupa ya maji ukiitoa kwenye friji. Hewa ikiwa imeshiba maji hivyo, jasho la mwili halikauki, na jasho lisipokauka hupoi. AC basi ina kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua maji. Hiyo ya pili ndiyo iliyozaa mashine yenyewe. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, shida haikuwa wafanyakazi kusikia joto. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu na kutanuka, rangi zinakosa kukaa mahali pake. Alitafutwa akaushe hewa.

Ukamuaji unafanyika hivi. Hewa ya chumba inapita kwenye koili ya ndani iliyo baridi, mvuke unageuka maji kwenye mapezi ya koili, vile vibati vyembamba, yanajikusanya kuwa matone, yanadondokea kwenye trei, yanatoka nje kwa ule mpira mweupe. Yanahitaji muda. AC kubwa kwenye chumba kidogo haitoi muda huo. Inapiga baridi kali dakika chache, kipima joto kinasema imetosha, kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, inazima. Matone yaliyokuwa yanajiandaa kudondoka yamebaki palepale kwenye koili, na feni ya ndani inaendelea kupuliza. Maji yale yanarudi chumbani. Umelipa umeme kuyatoa hewani, halafu umelipa tena feni iyarudishe. Wewe unasikia chumba kizito, unashusha rimoti hadi 18, na LUKU inazidi kukimbia.

Ukitaka kujua kama yako inafanya kazi, weka ndoo chini ya ule mpira usiku mmoja wa joto, madirisha yakiwa yamefungwa. Mpira ukidondosha tone tone bila kukatika, vizuri. Ukitoa maji kidogo mwanzoni halafu ukakauka huku kompresa inazima na kuwaka, umeshapata jibu. Na kwa wapenda hesabu: kukamua lita moja ya maji ni kuondoa joto la kama uniti 0.68. Kwa AC nzuri, inayoondoa uniti zaidi ya tatu za joto kwa uniti moja ya umeme, lita tano ndooni ni karibu uniti moja ya umeme, tuseme shilingi 356 kwa tarifu ya kawaida ukijumlisha kodi. Hiyo ni pesa iliyofanya kazi. Pesa ya kushusha kutoka 25 hadi 18 ili kufunika unyevu haifanyi kazi yoyote.

Na hapa niwakumbushe mlioko D1, tarifu ya watumiaji wadogo, mnaonunua uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. AC ikiingia ndani, huko mtatoka. Pigeni hesabu ya kuendesha kabla ya hesabu ya kununua.

Sasa ile namba. Kwenye katalogi za AC za inveta, yaani zinazoweza kupunguza kasi ya kompresa badala ya kuzima na kuwaka, uwezo mara nyingi huandikwa kwa namba tatu: ya kati, na kwenye mabano ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kwa mfano 12,000 (3,000–13,500). Kila mtu anaangalia 12,000. Mimi naangalia 3,000. Mtu aliyelala hutoa joto la kama wati 70. Wawili kitandani, ukuta ulioanza kupoa, pazia limefungwa, saa nane usiku: chumba kama hicho kinaweza kuhitaji BTU 3,000 tu, au 4,000. Mashine isiyoweza kushuka chini ya 5,000 itazima na kuwaka usiku kucha hata kama ubavuni imeandikwa inveta kwa herufi kubwa, kama dereva wa daladala anayejua mafuta na breki tu. Inayoshuka hadi 2,500 itatambaa taratibu, feni ya chini, mpira wa nje unadondosha hadi alfajiri.

Muulize muuzaji: "Hii inashuka hadi BTU ngapi?" Atakutazama. Wengi watajibu, "Dada, hii inashuka hadi 16," yaani nyuzi za kwenye rimoti. Mwombe kitabu, utafute mwenyewe.

Ukubwa wenyewe hauna uchawi. BTU 600 kwa kila mita ya mraba ni kipimo cha kuanzia. Chumba cha mita 12 za mraba kinakuja 7,200, kwa hiyo 9,000 inatosha na kubaki. Ongeza ukiwa juu kabisa chini ya bati bila silingi ya maana, au ukuta wako unapigwa na jua la magharibi. Chumba cha mita 18 au 20, chukua 12,000. Ile 18,000 iende sebuleni.

Upangaji wangu ni huu, za inveta kwanza.

Naanza na LG, ile wanayoiita Dual Inverter. Sitajifanya refa asiye na timu. Hii naipenda, na hakuna aliyenilipa. Kompresa yake ina rota mbili zinazosawazishana, ndiyo maana haitetemi sana ikiwa kasi ndogo, na kasi ndogo ndiko tunakotaka ikae. Kwenye rimoti ina kitufe cha kubana umeme: asilimia 80, 60, 40. Kwa nyumba ambayo jioni umeme unakuwa mdogo, au mnaotumia jenereta dogo, kitufe hicho ni dhahabu. Ila angalizo ambalo hakuna dukani atakupa: usiku wa Machi usibane hadi 40. Koili itakosa ubaridi wa kutosha kukamua, na utarudi kwenye shuka linalonata ukiwa umeridhika kwamba unaokoa. Kaa 80 au 60, feni ya chini. Mapezi ya koili ya nje yana mpako wa rangi ya dhahabu wa kuzuia kutu, jambo ambalo mtu wa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach hawezi kulipuuza kwa upepo ule wa chumvi. Dhamana ya kompresa wanaitangaza kuwa miaka 10; hakikisha karatasi ya hapa Tanzania inasema hivyo, si tangazo la nchi nyingine, na kwamba dhamana ni ya kompresa, si ya kila kitu.

Daikin ya pili, na ni bei tu iliyoishusha. Hawa Wajapani wa Osaka wapo tangu 1924, wanatengeneza kompresa na gesi yenyewe, na ndio walioanza kuuza AC za nyumbani za gesi ya R-32 mwaka 2012. R-32 ina athari ya 675 kwa tabianchi (hewa ya ukaa ikihesabiwa 1) ukilinganisha na 2,088 ya R-410A, na leo karibu kila kampuni imewafuata. Kama una hela na nyumba ni yako, ruka LG uje hapa, sitagombana na wewe. Kama umepanga na mwenye nyumba anaweza kukuita kesho, hapana.

Gree na Midea naziweka pamoja. Zote za Kichina, zote zinatengeneza kompresa zao, na ukipata 9,000 ya inveta yenye namba ya chini nzuri kwenye mabano utakuwa umenunua kwa akili. Kasoro ni kwamba jina hilohilo linauzwa la inveta na lisilo la inveta, maboksi yanafanana, na Kariakoo bei ya moja inatajwa ukionyeshwa nyingine. Soma kibandiko cha mashine ya nje kabla hujatoa hela.

Hisense na TCL: zinapoza. Angalia mabano.

Zisizo za inveta: chukua 9,000 kwa chumba kinachozihitaji kweli, usizidishe hata kidogo, na uende zako. Yoyote yenye gesi ya R-22 iache; inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal na gesi yake itazidi kuwa ghali.

Halafu kuna zile za maji. Jamani. Kila msimu wa joto zinapangwa mbele ya maduka, feni lenye tangi, weka maji na barafu, "AC ya maji, dada, haili umeme." Dodoma kiangazi, hewa ikiwa kavu, inaweza kukusaidia kwa sababu inapoza kwa kuvukiza maji. Dar hewa imeshashiba maji. Unaongeza mengine chumbani. Kumuuzia mama wa Mbagala kifaa cha kuongeza unyevu mwezi Februari, tena kwa akiba yake ya miezi, ni kitu ambacho sijui mtu anakifanyaje akalala. Zile za magurudumu zenye bomba moja la kutolea joto dirishani nazo zina ujinga wao: zinatupa nje hewa ya chumba, na nafasi yake inajazwa na hewa ya barazani yenye joto na maji, kupitia chini ya mlango.

Turudi kwa hawa wauzaji wa "chukua kubwa tu". Faida iko kwenye BTU, ndiyo maana. Bei haiandikwi popote, inategemea umevaa nini na umekuja na gari au bodaboda. Unaambiwa kufunga ni bure. Fundi akifika, bure ilikuwa mita tatu za bomba, ya nne ina bei, vyuma vya kubebea mashine ya nje vina bei, waya una bei, kutoboa ukuta kuna bei. Duka moja, silitaji, lilinitajia bomba la shaba, fundi akaja na la aluminiamu lililovikwa sponji jeupe. Usipolichuna mwishoni huwezi kujua. Nililirudisha kwa kelele. Na wale wa "kuongeza gesi" kila mwaka: gesi ya AC hailiwi. Inazunguka humohumo miaka yote. Ikipungua kuna inapovuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuwekea miadi ya mwakani.

Pangaboi usiling'oe. Linakula wati 50 hadi 75, na likizunguka polepole, AC kwenye 26 inaleta raha ambayo wengi wanaitafuta kwenye 22. India, tangu Januari 2020, AC za chumbani zinatakiwa kuwaka zikiwa zimewekwa 24 tangu kiwandani, mtu abadilishe mwenyewe akipenda. Sisi zinatoka dukani zikiwa na mtu anayekuonyesha 16 ili usikie ubaridi usoni.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana upenyo kwenye kona za chini. Gundi ya silikoni na brashi mpya ni hela ndogo kuliko BTU 3,000 za ziada. Msimu wa masika, mvua ikinyesha na nje hakuna joto sana, tumia ile hali ya kukausha hewa, yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. AC gadi, kile kifaa cha kuilinda umeme ukiyumba, nunua, usibishane.

Siku ya kufunga, kabla fundi hajapanda ngazi, mwombe akuonyeshe pampu ya vakyumu. Hiyo ndiyo inayonyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla gesi haijafunguliwa. Wengi hawana, wanaachia gesi kidogo ya mashine yako "isukume hewa", psss, wanakaza nati, wanataka chai. Unyevu uliobaki humo ndani utakula kompresa taratibu. Kama hana pampu, mpe nauli arudi, umtafute mwenye nayo, hata ikibidi ulale na feni siku mbili zaidi.