Tiba mtandao: uajiriwe hospitali ya rufaa au kampuni binafsi?

Msomi wa TEHAMA anayetaka kusimamia tiba mtandao (daktari kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa video au simu) hapa Tanzania ana milango miwili.

Hospitalini kazi ni ya kuhangaika kuliko watu wanavyodhani. Umeme unakatika, jenereta linachelewa kuwaka, na bingwa aliyeko Dar es Salaam anabaki anatazama nusu ya picha ya kifua. Hapo unazima video, unabakiza sauti, daktari wa wilayani anaendelea kujieleza. Mifumo nayo haisomani: taarifa za mgonjwa ziko GoT-HOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali, eksirei iko seva nyingine, na daraja ni wewe. (Nusu ya siku utakuwa unarejesha nywila za wauguzi, na huko ndiko utajua mfumo unakwama wapi.) Mshahara unapanda kwa ngazi, taratibu. Pensheni ipo.

Kampuni ina kasi. Wazo la Jumatatu linaweza kuwa kwenye simu za wagonjwa mwisho wa mwezi, na mshahara unajadiliwa. Ila uhai wake uko mikononi mwa wawekezaji. Babyl, kampuni ya tiba mtandao ya Rwanda, ilianza 2016, ikasajili watu zaidi ya milioni mbili; 2023 kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ikaporomoka, nayo ikafunga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana kotekote.

Mimi ningeanzia hospitalini, miaka miwili mitatu. Kampuni zinamtafuta sana aliyewahi kukaa wodini usiku mtandao umekatika.