Kifaa cha kuhamishia kanda za video kilichonigomea pale baba alipoanza kusema

"Dada, mkanda wako umeoza, katupe tu." Maneno hayo niliambiwa na kijana wa duka moja la Kariakoo lililoniuzia kifaa kidogo cha kuunganisha deki ya video na kompyuta, naye aliyasema bila kuinua macho kwenye simu yake, wala kuutazama mkanda niliokuwa nimeushika mkononi. Nimeahirisha kuandika tathmini hii kwa majuma kadhaa kwa sababu kila ninapoanza, sauti yake hunirudia.

Mkanda wenyewe ni wa harusi ya dada yangu, iliyofanyika Tanga miaka ya tisini mwanzoni. Ndani yake marehemu baba anapokea kipaza sauti na kumpa mwanawe nasaha mbele ya wageni. Sauti ya baba hatuna mahali pengine popote. Mtu anayesema kitu hicho kitupwe hajui anachokisema, na kama anajua, basi hafai kukaa dukani kuhudumia watu.

Nieleze kosa lilivyokuwa. Programu ilikuja kwenye sidii ndogo, ilhali kompyuta mpakato yangu haina pa kuingizia sidii, kwa hiyo mpwa wangu alilazimika kuitia kwanza kwenye flashi kupitia kompyuta ya jirani. Picha ya kwanza ilitoka bila rangi huku ikipandapanda, kwa kuwa programu ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa picha wa NTSC uliokuwa ukitumika Marekani na Japani, na kanda zetu ni za PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Hilo tulilirekebisha mara moja na silihesabu. Ninalolihesabu ni kwamba katika dakika ya kumi na moja, pale pale mpiga picha wa harusi alipozima kamera na kuiwasha tena ili amchukue baba, picha iliganda, dirisha la programu likajifunga lenyewe, na faili lililobaki halikufunguka kabisa. Nilirudia labda mara sita. Kila mara ilikuwa ni mahali hapo hapo, baba akiwa anaunyoosha mkono kupokea kipaza sauti. Na kila nilipourudisha nyuma mkanda wa umri ule nilikuwa na hofu ya kweli, maana unapopita kwenye vichwa vya deki unasuguliwa, na kilichokwanguka hakirudi.

Ndipo nilipokwenda dukani nikapewa jibu lile, pamoja na kuelezwa kwamba boksi likishafunguliwa bidhaa hairudishwi.

Sasa, mkanda haukuwa umeoza. Kwenye televisheni ulicheza vizuri, isipokuwa chenga za kufumba na kufumbua pale kamera ilipozimwa. Fundi mmoja wa Magomeni, mzee aliyepiga picha za harusi tangu enzi za kanda, ndiye aliyenifafanulia. Deki ni mashine inayozungusha mkanda, kwa hiyo mawimbi yake hayafiki kwa mpigo ulio sawasawa, na mahali paliporekodiwa kwa vipande mpigo huo hukatika kabisa. Televisheni ya zamani huvumilia, ikasubiri na kuudaka tena. Programu mbovu husubiri picha isiyofika kwa wakati, kisha inaanguka. Mzee huyo aliniazima mashine ya zamani ya kurekodi DVD, tukapitisha ndani yake waya za manjano, nyeupe na nyekundu kutoka kwenye deki kabla ya kufika kwenye kompyuta. Baadhi ya mashine hizo hutoa mawimbi yao wenyewe yaliyotulia hata zinapopokea chenga, na ya kwake ni mojawapo. Alivisafisha vichwa vya deki kwa spiriti, akaniagiza niiache programu ya kwenye sidii na kutumia VirtualDub, ambayo ni ya bure.

Usiku ule ikakatika dakika ya nane, hata kabla hatujamfikia baba. Nakiri kwamba nilikaa chini nikaanza kuamini kuwa labda kijana yule alisema kweli, na nilikuwa tayari kuandika kwamba kifaa hiki kisinunuliwe na mtu yeyote. Ni mpwa wangu aliyegundua kuwa kila faili lililokatika lilikuwa na ukubwa ule ule, gigabaiti nne. Tulikuwa tukirekodi bila kupoteza ubora, kiasi cha gigabaiti 30 kwa saa, kwenye diski ya nje iliyopangwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofikia gigabaiti nne. Tulihamisha vilivyokuwamo, tukaipanga upya diski kwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho, tukaanza tena.

Dakika ya kumi na moja ikapita. Baba akapokea kipaza sauti, akakohoa kidogo kama alivyozoea, akaanza kusema. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu, naye alimwitikia.

Kwa hiyo kifaa chenyewe ni kizima, na kwa bei yake kimefanya kazi. Nilikuwa nimeshakipa nyota tatu. Programu inayokuja nacho sitaitetea, lakini inaepukika. Nikiwa naandika mistari hii, hata hivyo, nimezipunguza nyota hizo hadi moja, kwa sababu nanunua kifaa pamoja na mtu wa kuniambia kwa nini kimegoma, na mtu huyo aliniambia nitupe. Ningemtii, tungekuwa hatuna tena sauti ile. Wapo wateja wengine ambao huenda wamemtii. Nimezirudisha nyota mbili, kisha nikazifuta tena. Inabaki moja.