TAHADHARI: Muuza spana wa Gerezani, Dar, anayebadilisha mzigo wakati wa kuufunga

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, ule mwingine una bandeji.

Lile Land Rover 109 la mzee mnalijua. Sili ya habu ya nyuma, ule mpira unaozuia oili kwenye kitovu cha gurudumu, imekufa, oili ya difu yote inaishia kwenye brekishuu. Sili haibadiliki mpaka habu itoke, na huko ndani kuna nati mbili na washa ya kufungia katikati. Bila spana ya boksi ya milimita 52 ni patasi na nyundo, mpaka nati inakuwa duara. Sikutaka gari la mzee lifanyiwe hivyo.

Na sikukurupuka! Nilikwenda Gerezani na nati mfukoni, ya habu chakavu. Jamaa akatoa spana nzito, ukuta mnene, 52 imegongwa pembeni. Akaivalisha nati yangu palepale mezani, haichezi hata kidogo. Akanieleza kwamba nati ya ndani unaikaza huku unazungusha habu, kisha unailegeza kidogo ili beringi isiungue. Anayejua hayo si fundi? Tena akaninong'oneza, "Braza, wale wa pale wasikuuzie feki." Alianzia elfu tisini, tukakubaliana sabini, na koleo la springi za breki juu.

Nikalipa kwa simu. Mtandao unazunguka, macho yangu yote kwenye kioo nasubiri meseji, yeye anamwambia kijana wake, "Mfungie braza." Kijana akainama chini ya meza, akaibuka na kifurushi cha gazeti kilichozungushiwa selotepu mpaka basi. Nikampa na buku la soda. Buku!

Nyumbani nikachomoa ekseli, nikavalisha spana, nikaona inacheza kidogo, nikasema labda grisi. Nikapachika bomba la kuongezea nguvu, nikavuta. Ikafunguka kama ganda la karanga, ngumi yangu ikatua kwenye stadi za tairi. Rangi nyeusi ilipobanduka ndiyo nikaona mstari wa kuchomelea. Kipande cha bomba kimefinywa pembe sita, kikapigwa rangi na namba!

Nimerudi leo. Yeye hayupo, kijana hanijui. Wa meza ya jirani anacheka: "Na wewe umepewa ya gazeti?" Kumbe wanajua wote! Wanakaa kimya wanauza!

Risiti hakutoa, alisema mashine imeenda kuchajiwa. Mzigo unafungwa chini ya meza, huoni. Ukinunua, iliyopimwa ibaki mkononi mwako, gazeti lake awafungie wauza maandazi.

Polisi nimeenda, nimeambiwa nilete jina lake kamili. Nitalitoa wapi? Huyu si wa faini. Huyu apewe hilohilo Land Rover, brekishuu zikiwa zimelowa oili, limejazwa mifuko ya saruji, ashuke nalo mteremko wa Kitonga. Spana yake ya bomba tutamwekea kwenye dashibodi.