Gesti ndogo za Mouraria, Lisbon: ulizia ghorofa na dirisha kabla ya bei

Gesti nyingi za bei nafuu huku Mouraria na Intendente, mitaa ya Lisbon, Ureno, hazina jengo lao. Ni ghorofa moja tu ndani ya jengo ambalo majirani wanaishi humo, kwa hiyo usitafute bango kubwa. Tafuta kibao kidogo chenye herufi AL ("alojamento local", yaani malazi ya wageni), kisha soma kengele za mlangoni: "3.º Esq." ni ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, "r/c" ni ya chini na haihesabiwi. Aliyeandikiwa ghorofa ya nne atapanda ngazi za mbao, nyembamba, zenye mwinuko mkali, mara nne, kwa kuwa lifti ni nadra. Na taa ya ngazini hujizima yenyewe. Bonyeza swichi upya kila unapofika mbele ya milango ya ghorofa, giza lisikukute katikati na sanduku mkononi.

Kutoka uwanja wa ndege ni rahisi: metro ya mstari mwekundu hadi Alameda, badilisha uchukue wa kijani, shuka Intendente au Martim Moniz. Metro hufungwa saa 7 usiku, na gesti nyingi hazina mtu wa mapokezi saa hizo. Ukifika usiku, pata namba ya siri ya mlango mapema.

Chumba ndicho cha kukagua kwa makini. Dirisha la barabarani lina hewa na jua, pamoja na kelele za gari la taka na chupa zinazomwagwa usiku. Dirisha la ndani hutazama uwazi mwembamba katikati ya jengo: utalala vizuri, lakini ukuta haukauki. Chungulia nyuma ya kabati na kwenye kona za dari. Ukiona madoa meusi ya kuvu, omba chumba kingine kabla hujafungua sanduku. Kuanzia Novemba hadi Machi, kuvu ni tatizo kubwa kuliko godoro bovu, maana nyumba hizi hazikujengewa mfumo wa kupasha joto na shuka hubaki na ubichi.

Utapewa hita ya umeme yenye mafuta ndani, ya wati 2000. Ukiwasha na birika la umeme la wati 2000, umeme unakatika, kwa sababu nyumba nyingi zimeunganishiwa kilovolti-ampea 3.45 tu (kama wati 3450). Zima hita, chemsha chai, washa tena.

Maji ya moto nayo yana namna yake. Hita ya gesi huwaka maji yakipita kwa nguvu. Ukifungua bomba kidogo, au ukizidisha ya baridi, moto unazimika na unaoga barafu. Fungua la moto hadi mwisho, subiri, ndipo uongeze la baridi taratibu. Kamwe usizibe tundu la hewa la chumba chenye hita hiyo, hata kukiwa na baridi: moshi wake unaua.

Plagi ya pini tatu ya Kenya na Tanzania haiingii. Beba adapta ya pini mbili za duara.

Kodi ya utalii ni yuro 4 kwa mtu kwa usiku, kuanzia umri wa miaka 13, hadi usiku 7. Wawili kwa usiku tatu ni yuro 24 juu ya bei uliyoona, na mara nyingi hulipwa mkononi: dai risiti. Pasipoti wanaiandikisha kisheria, ila lazima irudi mikononi mwako papo hapo. Wakikataa kurekebisha kasoro, omba kitabu cha malalamiko, "livro de reclamações". Sheria ya Ureno inawalazimu kuwa nacho.