Hilux mpya kutoka yadi ya mtu mwingine: nililipia Mbarara, gari likatoka Kampala

Pikapu niliyoilipia Mbarara haikuwa Mbarara. Ilikuwa Kampala, ndani ya bondi moja (yadi ya magari ambayo bado hayajalipiwa kodi) upande wa Nakawa, mali ya muuzaji ambaye mpaka leo sijaonana naye. Yadi ya Mbarara niliyokwenda siku hiyo ilikuwa na Hilux mbili tu: moja ya otomatiki, nyingine kebini moja. Mimi nilitaka dabo kebini ya dizeli, injini ya 2.4, gia za mkono, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, rangi yoyote isipokuwa nyeusi, maana vumbi la kwetu Bwera halimsitiri mwenye gari jeusi. Kijana wa mauzo hakubabaika. "Hajjati, hilo lisikupe shida. Gari nitalitoa kwa mwenzangu Kampala."

Wauzaji wa magari ndivyo wanavyofanya kazi, na hakuna ubaya. Yadi moja haiwezi kuweka kila aina na kila rangi, pesa ingelala hapo bure. Mteja akitaka kisichokuwepo, wanapigiana simu. Aliye nalo anamuuzia mwenzake kwa bei ya wao kwa wao, au wanabadilishana gari kwa gari na kulipana tofauti. Wewe mnunuzi unaona biashara moja, kumbe ziko mbili, na ile ya kwanza huionyeshwi. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana gari lenyewe nalipenda na sina la kulilaumu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikupanda basi nikaenda Kampala mwenyewe. Nilikuwa na pikapu ya zamani, kebini moja, iliyonibebea kahawa kutoka Kyarumba na Kisinga miaka na miaka. Yadi ya Mbarara ilikubali kuichukua na mimi niongezee. Zile za Kampala nilizopigia zilitaka pesa taslimu, gari langu kuukuu hawakulitaka hata kwa picha. Tena Mbarara ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka kwangu kwa kupitia Katunguru, na hiyo yadi ina gereji yake. Gari likisumbua najua nitagonga mlango gani.

Mume wangu alikuwa upande wa Isuzu D-Max. Tulibishana sana, lakini mimi navuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo mara kwa mara, na fundi wa Kasindi hahitaji kufundishwa Hilux. Vipuri vyake viko hata kwenye vibanda. Hilo lilimaliza mjadala.

Sasa tuje kwenye pesa. Kijana alitaka arubuni nono kwanza ndipo "aanze kulitafuta" gari. Nikamwambia sawa, nipe namba ya chesisi. Akaanza kuzungukazunguka: mara mwenzake hajaituma, mara mtandao, mara gari bado liko njiani kutoka Mombasa. Nilimwelewa. Anaogopa akinipa namba nitaitumia kumfikia mwenye gari moja kwa moja, nimruke, na yeye abaki na simu mkononi. Ni hofu ya haki kabisa kwa mtu anayekula kwa faida ya katikati. Lakini na mimi siwezi kuweka mamilioni juu ya gari lisilo na jina. Pasipo namba, hiyo arubuni inakuwa imelipiwa ahadi tu, na ahadi unaweza kubadilishiwa gari lolote linalofanana nayo.

Tulichokubaliana ni hiki, na nakipendekeza kwa yeyote atakayenunua kwa njia hii. Nililipa kiasi kidogo, kupitia benki, kwa karatasi iliyoandikwa kwamba pesa ni ya gari lenye namba hii ya chesisi na si jingine, na kwamba lisipopatikana hilo hilo narudishiwa yote. Na mimi nikatia sahihi kwamba sitanunua gari hilo kwa mtu mwingine. Alipoona sahihi yangu namba ikapatikana palepale. Haikuwa njiani kutoka popote.

Namba ilianza na AHT. Hiyo ni alama ya Toyota za Afrika Kusini, wanakotengeneza Hilux pale Durban. Za Thailand nyingi huanza na MR0. Siwezi kusema moja inaishinda nyingine, ila nilikuwa nimeambiwa gari limetoka Afrika Kusini na herufi zikakubaliana na maneno. Ingekuwa vinginevyo ningesimama hapo hapo.

Kisha nikamtuma mtoto wa dada yangu anayeishi Kampala aende na fundi. Muuzaji wa Mbarara hakufurahi, lakini alipiga simu wakafunguliwa. Mpwa wangu nilimpa kazi ya kwanza: asisome karatasi ya kwenye kioo, apige magoti aisome namba iliyogongwa kwenye fremu karibu na gurudumu la mbele la kulia, anisomee herufi moja moja. Zikalingana. Kazi ya pili ilikuwa matairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akaniambia, "Mama mdogo, hapa pana 1423." Yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023, na sisi tulikuwa tayari ndani ya 2025. Matatu mengine yalikuwa ya majuma ya jirani, na la akiba vilevile.

Gari lilikuwa jipya, hilo sibishi. Dashibodi ilionyesha kilomita 38, viti bado na nailoni. Lakini lilikuwa limesimama. Betri ilikuwa imekufa, wakaliwasha kwa kuazima umeme wa gari jingine. Fundi alipofungua boksi la kichujio cha hewa akakuta kinyesi cha panya, kikavu, na kipande cha godoro ambacho sijui panya alikitoa wapi. Nyaya alizipitia moja moja kwa tochi, hakuna iliyotafunwa. Nashukuru, maana nyaya za injini za siku hizi zikishaliwa na panya utalala gereji.

Sababu ya gari kusimama muda wote huo si siri. Gari likiwa ndani ya bondi bado halijalipiwa kodi, liko chini ya uangalizi wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na mwenye yadi hana haraka ya kulipa ushuru, VAT ya asilimia 18 na mengineyo kabla hajapata mnunuzi. Linangoja. Gari la gia za mkono linangoja zaidi, kwa sababu wateja wa mjini wanataka otomatiki. Na hilo ndilo gari ambalo yadi nyingine itaombwa ilitoe. Ukifikiri vizuri, gari linalopatikana kwa kupigiana simu mara nyingi ni lile ambalo mwenyewe limemshinda kuuza.

Nilipomweleza kijana wa Mbarara habari za betri na matairi, jibu lake la kwanza lilikuwa "Hajjati, mimi si mwenye gari." Nikamwambia basi nipe namba ya mwenye gari niongee naye. Kimya. Bosi wake, mzee mmoja mpole, ndiye aliyekuja kwenye simu na kuzungumza kiutu uzima. Tukakubaliana: betri mpya, oili na vichujio vibadilishwe hata kama kilomita hazijafika kwa sababu oili nayo huzeeka imekaa, dizeli ya zamani imwagwe, na nyongeza ya shilingi milioni 3 waliyokuwa wameniwekea ya "kulitoa gari Kampala" ishuke nusu. Matairi nikayapokea. Mpira wa miaka miwili uliokaa kivulini bado una maisha, na fundi aliridhika kwamba hayajalala upande.

Kwenye bei nisisitize jambo moja. Watu wa bondi hutaja bei kwa dola na mara nyingine bila kodi, halafu yadi inayokuuzia inakutajia kwa shilingi pamoja na kodi na usajili. Ukizilinganisha hizo mbili hivi hivi utadhani umeibiwa, au utadhani umepata bahati, na yote mawili si kweli. Uliza kila mara: hii ni pamoja na nini? Kodi zote? Namba? Bima?

Karatasi ndizo zilizonichosha. Wakala wa forodha, mtu wa ile yadi ya Kampala, aliandaa fomu za usajili kwa jina la yadi yake, eti ni utaratibu wao, baadaye "watanihamishia". Nilikataa katakata. Gari likisajiliwa kwa jina la mwingine halafu lije kwangu, mimi ni mmiliki wa pili tangu siku ya kwanza, na siku nitakapotaka kuliuza mnunuzi ataiona kadi na kunipunja. Juu ya hayo kuna gharama ya kuhamisha. Nikatuma namba yangu ya TIN na kitambulisho, nikasema salio halitoki benki mpaka nione jina langu. Hapo mambo yakalala kidogo. Wakala alisema Mbarara ndio wamemchelewesha, Mbarara wakasema wakala. Mimi nilikuwa na kahawa ya watu ghalani, nikakodi lori la jirani na kumwandikia kijana gharama yake kila jioni kwenye WhatsApp, bila salamu. Nadhani hiyo ndiyo iliyowaamsha.

Risiti nayo iangalieni. Niliyemlipa ni Mbarara, kwa hiyo risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, lazima itoke kwa Mbarara, yenye jina langu, namba ya chesisi na ule msimbo wa kupiga picha kwa simu. Mwanzoni waliniletea ankara ya yadi ya Kampala, kana kwamba mimi nilinunua huko. Kwao ni njia fupi. Kwangu ingekuwa balaa: siku gari likiharibika, Mbarara angesema si mimi niliyekuuzia, na Kampala angesema simjui huyu mama.

Hilo linaniingiza kwenye dhamana, ambayo watu huuliza ya mwisho wakati ingefaa iwe ya kwanza. Yadi hizi zote mbili si mawakala wa kiwanda. Wanaagiza wenyewe. Kwa hiyo dhamana niliyopewa ni ya yadi ya Mbarara, imeandikwa na kugongwa muhuri, injini na gia kwa mwaka mmoja, kuanzia siku niliyokabidhiwa ufunguo. Nilihakikisha maneno hayo ya mwisho yapo, maana rasimu ya kwanza ilihesabu kuanzia tarehe gari lilipoingia bondi, na kwa hesabu hiyo dhamana ingekuwa imeisha kabla sijaliona. Anayetaka dhamana ya kiwandani anunue kwa wakala rasmi na alipe bei yake, ambayo ni ya juu. Mimi nilipima nikaona tofauti ile inanunua magunia mengi.

Gari lenyewe sasa. Dereva wangu alilipokea Kampala likiwa na namba zake mpya, akalileta kwa barabara ya Mityana na Fort Portal, akiambiwa asilikimbize. Nimelipandisha Kyondo mvua ikinyesha, gunia za kahawa nyuma, kwenye ule udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na likapanda kwa L4, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, bila kelele. Likiwa tupu nyuma linarukaruka, springi zake ni za mzigo, abiria wa nyuma watalalamika kila tuta. Tangi la lita 80 linanipeleka Kampala na kunirudisha nyumbani bila kujaza njiani nisipobeba kitu. Breki nzuri. Kiyoyozi kinapooza hata joto la bondeni pale mbugani, na wanaoijua barabara ya Katunguru saa nane mchana wataelewa.

Vitu vidogo vilipotea kati ya yadi mbili, kama nilivyoonywa. Ufunguo wa pili ulibaki Kampala, ukaja kwa basi la usiku ndani ya bahasha. Jeki ilikuwepo, mpini wake haukuwepo, nao ukaja baadaye. Yadi ya Kampala husema vilikabidhiwa, yadi ya Mbarara husema havikufika, kwa hiyo kabla ya kutoa salio andikeni orodha: funguo mbili, jeki na mpini, spana ya magurudumu, tairi la akiba, kitabu cha gari, mikeka.

Kwa muuzaji wa Mbarara natoa nyota nne kwa tano. Alipobanwa alisimama, betri ni mpya, na bosi wake hujibu simu hata Jumapili. Ya tano nimeizuia mpaka mkeka wa nyuma wa kushoto ufike, ambao kila wiki naambiwa upo kwenye basi.