Mitishamba pamoja na hospitali, au badala ya hospitali?

Hapa Dodoma ukipata majibu ya kansa tu, kabla hujafika nyumbani kila mtu ana dawa yake, mara mlonge, mara mwarobaini, mara kuna mzee huko Kondoa anatibu kila kitu. Jamani kuna njia mbili hapa na hazifanani hata kidogo.

Kutumia badala ya hospitali naipinga kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walitoa matokeo 2018, wagonjwa ambao kansa yao ilikuwa haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya wale wa tiba ya kawaida, na kwa kansa ya matiti ikapita mara 5. Uvimbe hausubiri umalize dumu la majani, unakuja kufika Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, umeshasambaa.

Kutumia pamoja sawa, ila daktari ajue. Tangawizi inawasaidia baadhi kupunguza kichefuchefu cha kemo (dawa za hospitali za kuua kansa), masaji inapunguza wasiwasi, mazoezi mepesi yanapunguza uchovu, na sala zinatia moyo. Vya kunywa ndo kuwa makini, maana ini ndo linashughulikia dawa nyingi za kemo na mitishamba mingine inaliumiza au inabadili nguvu ya dawa. Na hospitali hawadharau mimea, vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, yenyewe asili yake ni ua la Madagaska, tofauti pale dozi inapimwa. Hiyo chupa uliyopewa nenda nayo kliniki, mwonyeshe daktari kabla hujawekewa dripu.